Mji Mkongwe, Mombasa au Lamu: Kuchagua Mji Mmoja wa Kale kwa Safari ya Siku Nne

Msafiri anayetaka kuiona miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, na ambaye kazi au shule ya watoto imemwachia siku nne tu, hapati msaada mkubwa kutoka kwa matangazo ya utalii, kwa sababu matangazo hayo humwahidi mambo yale yale kila aendako: milango ya nakshi, vichochoro, majahazi na samaki wa kuchoma. Ni kweli kwamba Mji Mkongwe wa Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa na mji wa Lamu ni ndugu wa tumbo moja. Yote mitatu imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, yote mitatu ilinawiri kwa biashara iliyosafiri na pepo za kaskazi na kusi, na katika yote mitatu adhana ndiyo humwamsha mgeni. Lakini kwa mwenye siku chache, tofauti za miji hii zina uzito kuliko mfanano wake, na anayechagua bila kuzipima huweza kuimaliza nusu ya safari akiwa barabarani.

Nimeiacha nje miji miwili ambayo wengine wangeitaja. Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, ni magofu ya fahari kubwa, lakini si mji ambao watu wanaishi ndani ya kuta zake za kale, na safari ya kufika huko kutoka Dar es Salaam inadai siku zake yenyewe. Bagamoyo, kwa upande mwingine, iko kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, na anayeishi jijini humo anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni bila kugusa likizo yake.

Katika kulinganisha nimekitanguliza kipimo kimoja mbele ya vingine, nacho ni saa ambazo msafiri atakuwa ndani ya mji wenyewe alfajiri na baada ya isha. Mji wa kale hauonekani vizuri saa sita mchana, jua likiwa la utosi, maduka ya vinyago yakiwa wazi na makundi ya wageni wa siku moja yakifuatana nyuma ya waongozaji. Huonekana wakati waumini wanatoka msikitini, watoto wametumwa mkate na maandazi, na wazee wamekaa barazani na vikombe vyao vya kahawa. Ndiyo maana naliona swali la mahali pa kulala kuwa kubwa kuliko swali la idadi ya vivutio, na mara kwa mara hapa chini nitalirudia.

Njia ya kufika, na saa inazochukua

Kwa anayeanzia Nairobi, Mombasa haina mpinzani. Tangu reli ya kisasa ilipofunguliwa mwaka 2017, safari huchukua saa tano hadi sita kulingana na treni, na abiria wa treni ya mchana hulala Mombasa usiku huohuo. Akumbuke tu kwamba kituo cha mwisho kiko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo atahitaji teksi au matatu kufika mjini, na kwamba tiketi za mwisho wa wiki, Pasaka na Desemba humalizika mapema. Anayetoka Dar es Salaam kwa basi hupitia Tanga na mpaka wa Horohoro na Lungalunga, na huo ni mwendo wa siku nzima. Siku mbili za kwenda na kurudi zikitolewa katika nne, hubaki safari ya haraka isiyo na faida.

Unguja ni hivyo hivyo kwa mkazi wa Dar es Salaam. Boti ya kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi, ndege kwa dakika 20 hivi, na kila siku safari ni zaidi ya moja. Anayepata kichefuchefu baharini azingatie kwamba katika miezi ya kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, mawimbi ya mkondo huo huwa makubwa. Mtanzania hutakiwa kitambulisho anapokata tiketi. Mkenya hutakiwa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tena, tangu Oktoba 2024 Zanzibar imeweka bima ya lazima kwa wageni kutoka nje ya Tanzania, ambayo ilianza kwa dola 44 kwa mtu mzima. Raia wa nchi jirani ahakikishe kiwango kinachomhusu kabla ya kulipia chochote, kwa kuwa familia yenye watu wengi huweza kukuta hesabu yake yote imebadilika.

Lamu ndiyo ngumu kufikika, na ugumu huo ni sehemu ya sababu iliyoufanya mji ubaki kama ulivyo. Ndege kutoka Nairobi, Mombasa au Malindi hutua katika kisiwa cha Manda, na kutoka hapo abiria huvuka kwa boti dakika chache hadi gati ya mjini. Njia ya pili ni basi kutoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Barabara hiyo sasa ina lami, lakini ina vizuizi vya polisi, na tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 hali ya usalama katika sehemu za bara za kaunti hiyo imekuwa ikibadilika, kiasi kwamba mtu hana budi kuulizia hali ya wiki ile ile anayosafiri. Mwenye siku nne asipange basi la kwenda na basi la kurudi. Ikiwa bajeti yake haitoshi nauli ya ndege, basi naona ni heri Lamu aiweke kwa mwaka mwingine, atakapokuwa na wiki nzima, kuliko kuifikia akiwa amechoka na kuiacha kabla hajaizoea.

Kulala ndani ya mji

Hapa ndipo Mombasa inapopungukiwa. Hoteli nyingi zinazotangazwa kuwa za Mombasa ziko Nyali, Bamburi, Shanzu au Diani, na ndani ya Mji wa Kale nyumba za wageni ni chache. Anayelala Diani huona kwenye ramani kwamba mji uko karibu, lakini kati yake na mji kuna mkondo wa Likoni, na kivuko hicho huweza kumla asubuhi nzima. Barabara ya Dongo Kundu imewapunguzia adha wenye magari yao, ila bado ni mzunguko mrefu kwa mtu anayetaka kuwa Ndia Kuu, njia kuu ya Mji wa Kale, kabla ya jua kuwa kali. Shauri langu kwa anayechagua Mombasa ni alale kisiwani, hata kama chumba kitakuwa cha kawaida na hakuna bwawa la kuogelea, kwa kuwa fukwe za Nyali anaweza kuzifuata mchana mmoja na kurudi.

Mji Mkongwe una hali tofauti kabisa. Nyumba kadhaa za wafanyabiashara wa zamani zimegeuzwa hoteli na nyumba za wageni, kuanzia zile za bei kubwa za upande wa Shangani hadi vyumba vya bei nafuu vya mitaa ya Malindi (si mji wa Malindi wa Kenya), Kiponda na Mkunazini. Faida ni kwamba mgeni akitoka mlangoni tu yumo mjini, na hasara ni ngazi. Nyumba hizi ni za orofa tatu au nne, ngazi zake ni za mwinuko mkali, na kuta zake nene hazizuii kelele za pikipiki zinazopita kwenye njia nyembamba. Anayesafiri na mzazi mwenye maumivu ya magoti aombe chumba cha chini wakati wa kuweka nafasi, asingoje kufika.

Lamu inaipita miji yote miwili kwa jambo hili. Nyumba za kale zinazopokea wageni bado zina mpangilio wa zamani: mgeni huingia kupitia daka, yaani ukumbi wa mlangoni, hufika kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na vyumba hufuatana kuelekea ndani huku kuta zikiwa na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizochongwa kwa plasta ya chokaa. Kulala katika nyumba kama hiyo ni somo la usanifu ambalo jumba la makumbusho haliwezi kulitoa, kwa kuwa mtu huelewa kwa mwili wake namna upepo ulivyopangiwa njia na namna faragha ya familia ilivyolindwa. Wapo wanaopendelea kulala Shela, kijiji kilicho mwendo wa dakika 45 hivi kwa miguu kusini mwa mji, penye ufuo mrefu wa mchanga. Shela ni pazuri na patulivu, lakini nyumba zake nyingi zimenunuliwa au kukarabatiwa kwa ajili ya wageni, na anayelala huko hatausikia mji wa Lamu. Kwa safari fupi ningelala mjini usiku wote na kwenda Shela siku moja kuogelea.

Historia utakayoikuta

Orodha ya UNESCO yenyewe inafunua tofauti moja muhimu. Mji Mkongwe uliingizwa mwaka 2000 na mji wa Lamu mwaka 2001, na yote miwili iliingizwa kama miji mizima. Kwa Mombasa, kilichoingizwa mwaka 2011 ni Ngome ya Yesu. Mgeni anayefika Mombasa akitarajia mji mzima wa mawe uliohifadhika atasikitika, kwa maana katika Mji wa Kale nyumba nyingi zimebomolewa na kujengwa upya kwa zege, na nyaya za umeme na mabango yamefunika roshani za mbao zilizobaki. Mgeni anayefika kwa ajili ya ngome na historia ya vita na bandari hatatamani kuondoka.

Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya mhandisi Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na ni mojawapo ya majengo machache ya pwani ambayo mtu anaweza kukaa ndani yake saa tatu bila kurudia alichokwisha kukiona. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ilizingirwa na majeshi ya Waomani, njaa na maradhi vikaua watu wengi kuliko risasi, na ilipoanguka, utawala wa Wareno katika pwani ya kaskazini ya Afrika Mashariki ulivunjika, ingawa walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728. Meli ya Kireno Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mzingiro huo, na vyombo vilivyoopolewa na wanaakiolojia kutoka chini ya maji katika miaka ya 1970 vimo katika makumbusho ya ndani. Ipo pia michoro ya meli na watu iliyochorwa ukutani na mabaharia au askari wa Kireno. Baadaye Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza, ikawa hivyo hadi 1958. Namsihi kila anayekwenda asiharakishe, aanze mapema lango linapofunguliwa, apande ukuta unaotazama bahari, na ajiulize mwenyewe meli ya adui ingetokea upande gani.

Kutoka ngomeni, Ndia Kuu humpeleka mtembezi hadi Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa ulianzishwa kiasi cha mwaka 1570, na kisha hadi bandari ya zamani ambako majahazi yalikuwa yakishusha tende na mazulia. Huu ndio mji wa akina Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa na kukataa kuwatii watawala wa Oman wa Maskati hadi mwaka 1837, na wa Muyaka bin Haji, aliyewatetea kwa mashairi ambayo hadi leo washairi wanayasoma kujifunza ustadi. Mji wenyewe hukamilika kwa siku moja na nusu. Lakini nguvu ya Mombasa iko katika yale yanayouzunguka: Jumba la Mtwana karibu na Mtwapa, Rabai ambako Johann Ludwig Krapf alianzisha kituo cha misheni mwaka 1846, na magofu ya Gede, kilomita 100 hivi kaskazini, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Anayependa akiolojia kuliko maisha ya mtaani atavuna Mombasa kuliko kwingine.

Mji Mkongwe una historia nzito zaidi, na namaanisha nzito kwa maana zote mbili. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipoyahamishia makao yake Unguja kutoka Maskati katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kisiwa kikawa kitovu cha karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa, na fedha za biashara hizo tatu ndizo zilizojenga sehemu kubwa ya majumba tunayoyasifu leo. Kwa hiyo naona si haki kwa mgeni kuanza ziara yake na milango. Aanze Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi mwaka 1873, Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alipotia saini mkataba wa kulifunga kwa shinikizo la Waingereza, na ambapo Kanisa Kuu la Kianglikana lilijengwa chini ya Askofu Edward Steere. Kwenye uwanja wa kanisa kuna sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shimoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, na kando yake kuna maonesho ya historia ya biashara hiyo. Vyumba vya chini vinavyooneshwa wageni hapo wataalamu kadhaa wametilia shaka kama kweli vilitumiwa kuwafungia watumwa, na mwongozaji mwaminifu atakueleza hivyo. Historia ya mahali hapo haihitaji kuongezewa chumvi.

Aliyekwishafika Mkunazini ataielewa vizuri zaidi Mombasa siku atakapoitembelea, na kinyume chake. Aliyetumwa na Uingereza kudai mkataba wa 1873 alikuwa Bartle Frere, na makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa Kisauni mwaka 1875 yakaitwa Frere Town kwa jina lake. Kengele yake ingalipo, na eneo hilo watu hadi leo wanaliita Kengeleni.

Baada ya Mkunazini, mgeni wa Mji Mkongwe ana mengi ya kuona kwa umbali mdogo: Ngome Kongwe iliyojengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, bafu za Hamamni za enzi ya Barghash, soko la Darajani, jumba la dawa la zamani la Tharia Topan kule Malindi lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, na mitaa ambamo mlango wa Kiarabu wenye kizingiti kilichonyooka unaelekeana na mlango wa Kihindi wenye tao na misumari ya shaba. Beit al-Ajaib, jumba la sultani lililojengwa mwaka 1883, lisitegemewe katika mpango: upande wake mmoja uliporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili, na jengo likaingia katika ukarabati mrefu. Kasoro ya kweli ya Mji Mkongwe ni msongamano wa wageni na papasi, yaani waongozaji wasio rasmi, wanaomfuata mtu kutoka bandarini. Dawa ni kukodi mwongozaji mwenye kitambulisho rasmi kwa asubuhi ya kwanza, kisha kutembea peke yako siku zinazofuata, ukikubali kupotea, kwa kuwa mji ni mdogo na kila njia hatimaye hutokea baharini au Darajani.

Lamu haina jengo moja la kushindana na Ngome ya Yesu wala tukio moja lenye uzito wa Mkunazini. Ngome yake ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya Waamu, yaani watu wa Lamu, kuwashinda Wamazrui na watu wa Pate, kisiwa cha jirani, katika vita vya Shela, ikatumika kuwa gereza hadi 1984, na leo ni makumbusho yanayotosha kwa saa moja. Cha kuonwa Lamu ni mji wenyewe. Njia ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida, wikio, yaani daraja la orofani, huunganisha nyumba mbili juu ya vichwa vya wapita njia, na kutoka Mkomani, mtaa wa nyumba kubwa za mawe, hadi Langoni mtu huona jinsi nasaba na mapato vilivyoamua nani akae wapi. Msikiti wa Riyadha, kazi ya mwanachuoni Habib Swaleh, ndio kitovu cha Maulidi ya Lamu, ambayo huwaleta wageni kutoka pwani nzima na Visiwa vya Komoro. Kwa msomaji anayezungumza Kiswahili kuna faida ya ziada ambayo mtalii wa mbali haipati: kukaa barazani na kuwasikiliza wazee wakizungumza Kiamu, lahaja ya Lamu.

Siku moja ya Lamu inafaa kutolewa kwa Takwa, magofu yaliyo kisiwani Manda, ambayo wakazi wake waliyahama katika karne ya 17. Mashua huingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na huingia maji yakijaa tu. Muulize nahodha saa ya maji siku moja kabla, na upange siku yako yote kufuata jibu lake. Pate na Siyu zinavutia hata zaidi, ila siku nne hazitoshi.

Chakula na fedha

Kwa chakula hakuna atakayelala njaa. Mombasa naipa nafasi ya kwanza kwa vyakula vya asubuhi na vya mitaani, yaani mahamri na mbaazi, viazi karai, mishikaki, na muhogo wa kukaanga pale Mama Ngina, kando ya bahari, jioni. Unguja ina urojo, ambao ni sababu tosha ya kuvuka bahari. Bustani ya Forodhani usiku ina mvuto, lakini samaki na kamba wanaopangwa mezani hapo huwa wamekaa nje muda mrefu, basi chagua kinachochomwa mbele yako. Lamu hula samaki wa siku hiyo, wali wa nazi na mkate wa mofa, na chaguo la migahawa ni dogo.

Kwa gharama, Mombasa ndiyo nafuu kwa jumla kwa kuwa ina hoteli za kila kiwango na usafiri wa bei ya kawaida. Unguja vyumba hupanda sana Julai, Agosti na mwisho wa Desemba. Lamu chumba huweza kuwa cha bei ya wastani, lakini nauli ya ndege na boti za kila safari ndogo huongeza hesabu. Mashine za kutolea fedha ni chache, hivyo beba taslimu ya kutosha au hakikisha simu yako ina salio la M-Pesa. Katika majengo ya makumbusho ya nchi zote mbili, raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, na kitambulisho ulichokiacha hotelini hakitakusaidia getini.

Msimu na mwezi

Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, ni wakati wa kuepuka kwa Lamu na Unguja, kwa sababu mvua hufanya vichochoro kuwa mifereji, safari za mashua huahirishwa na baadhi ya hoteli hufungwa kabisa. Mombasa huvumilika hata wakati huo, kwa kuwa ngome na makumbusho vina mahali pa kujikinga. Januari na Februari, kaskazi likivuma, bahari huwa tulivu lakini joto la mchana ndani ya kuta za mawe ni kali. Kwa kutembea kwa miguu naona Julai hadi Septemba ndiyo bora kuliko yote.

Ramadhani inahitaji uamuzi wa makusudi. Mchana migahawa mingi hufungwa Unguja na Lamu, na kula au kunywa hadharani ni kukosa adabu. Mombasa, kwa ukubwa wake na mchanganyiko wa watu wake, humwachia asiyefunga nafasi zaidi. Lakini anayefunga, au aliye tayari kuheshimu mchana, atauona usiku wa Ramadhani wa miji hii, futari inapogawanywa hata kwa wasiojulikana, na huo ni wakati ambao mimi ningeuchagua kwa hiari. Mavazi ya kufunika mabega na magoti yanahitajika mwaka mzima mjini, na picha za watu, hasa za wanawake na watoto, zisipigwe bila ruhusa.

Nani achague upi

Mkazi wa Nairobi mwenye watoto wadogo, au anayesafiri na wazee, achague Mombasa, alale kisiwani, atoe siku moja kwa ngome na Mji wa Kale, siku moja kwa Gede au Jumba la Mtwana, na mchana mmoja kwa ufuo. Teksi na tuktuk hufika karibu na kila mahali, hospitali kubwa ziko jirani, na siku nne zinatosha bila kukimbizana.

Anayekuja pwani kwa mara ya kwanza na kutaka kuelewa jinsi biashara ya Bahari ya Hindi ilivyojenga na ilivyoumiza, achague Mji Mkongwe, na hapa simo katikati: kwa siku nne, kwa watu wengi, huo ndio uchaguzi wangu. Alale humo usiku wote watatu. Waendeshaji wa ziara watamshawishi agawe safari, usiku mmoja mjini na miwili Nungwi au Paje, lakini kufunga na kufungua mizigo na mwendo wa kwenda na kurudi humaliza karibu siku nzima, na fukwe zitakuwapo safari nyingine. Akitaka kutoka mjini, nusu siku ya Changuu au msitu wa Jozani wenye kima punju inatosha.

Aliyekwisha kuiona miji hiyo miwili, au anayesoma usanifu, dini na lugha ya Waswahili kwa dhati, achague Lamu, na alipe ndege. Wako wanaouliza kama wanaweza kuunganisha miji miwili. Mombasa na Lamu huunganika kwa mtu mwenye usiku tano au zaidi, akifika Mombasa kwa treni, akiruka hadi Manda siku ya tatu, na kurudi Nairobi moja kwa moja kwa ndege kutoka Manda ili asirudie njia. Unguja na Lamu katika safari moja fupi nisingeshauri, kwa kuwa kati yake kuna mpaka, hati, na ndege za kubadilisha ambazo zikichelewa moja tu huiharibu ratiba nzima.